Sange na Chenga za Kichuguu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, vyungu, vitanda vya kamba na wakubwa wa kuwasumbua kama sisi, aliishi Sange.

Mnamjua Sange? Nyinyi mnamjua simba tu, kwa sababu simba ana picha kwenye kila kitu. Sange ni mnyama mdogo, mwili wa panya, miguu ya paa, na pua ndefu inayochezacheza kama mkonga uliopotelewa na tembo wake. Ana tabia moja ya ukoo: havumilii jani njiani. Akiliona tu, fyaa, analitupa kando kwa mkono. Njia za akina Sange msituni zilikuwa safi kuliko barabara zote mlizowahi kuahidiwa.

Sange huyu aliishi na mama yake, Bi Sikudhani, ambaye uzee ulishamfumba macho. Walikaa ng'ambo ya bonde, mahali palipoitwa Mawe Matupu, na jina halikudanganya. Hawakuzaliwa huko. Walizaliwa chini ya kichuguu kikubwa katikati ya msitu, wao na mama zao na bibi zao, mpaka Nyati alipotuma barua. Barua ilisema kichuguu sasa ni hifadhi, na wakazi wahame kwa faida yao wenyewe. Watoto, mkisoma barua inayosema "kwa faida yenu", anzeni kufunga mizigo.

Kisa chenyewe kilikuwa uyoga.

Kila masika, mvua zikikolea, kichuguu kile kilivaa uyoga mdogo mdogo, mweupe, kila kichwa sawa na ukucha wa kidole gumba, mamia kwa mamia, utadhani kuna mtu amemwaga bisi. Unachomoza alfajiri. Kesho yake jioni umeshalegea. Keshokutwa ni maji meusi. Siku mbili kwa mwaka, basi. Akina Sange walikuwa wanauchuma kabla jua halijapanda, wanaupika kwa karanga, wanakaa kimya wakila, maana ukiongea unapunguza utamu.

Nyati hakuwahi kuuona ukiota. Aliwahi kuonjeshwa bakuli moja tu, msibani, umeshaiva. Bakuli moja. Akarudi kwake hataki tena majani, akaandika barua.

Toka hapo masika mawili yakapita, na uyoga haukuota hata mmoja. Kwato zilikuwa nyingi pale kichuguuni. Kila kilichotaka kutoka ardhini kilikanyagwa kabla hakijapumua.

Na kule Mawe Matupu, Bi Sikudhani akaanza kuisha.

"Mama, kula."

"Nimekula."

"Umekula lini?"

"Mwaka ule."

Sange akaweka kijiko chini. "Mama, mwaka ule umepita. Hapa kuna panzi, kuna uji."

"Panzi wako wazuri, mwanangu. Wala sina ugomvi nao. Ila mimi nataka kijiko kimoja cha uyoga wa kwetu, halafu nitakula chochote unachotaka. Hata hayo mawe."

"Na usipopatikana?"

Bi Sikudhani aliigeuza pua yake upande wa bondeni, kule kwao, akanusa upepo. Upepo haukuwa umeleta kitu. "Basi masika haya yatanikuta nimelala," akasema, "na nisiamshwe."

Siku zile zile likatoka tangazo. Nyati alichoka kusubiri, akataka mtaalamu wa uyoga. Sange akaosha pua, akaenda kwenye intavyuu.

Alimkuta Nguruwe Mwitu nyuma ya meza ya gogo. Huyu alikuwa mkwe wa Nyati, na hiyo ndiyo iliyokuwa shahada yake. Nyati mwenyewe alikuwa amelala kivulini, anacheua, nyam, nyam.

"Jina?"

"Sange."

"Uzoefu?"

"Nimezaliwa chini ya kichuguu chenyewe, bosi. Mama yangu pia, na bibi yangu, na..."

"Hayo ni makazi. Mimi nauliza uzoefu wa kazi. Miaka mitano, kwa maandishi."

"Nani angeniandikia, bosi, na kabla yenu hapakuwa na ofisi?"

"Hilo ni tatizo lako binafsi." Akaandika. "Swali la kitaalamu. Mbegu za uyoga hupandwa umbali gani kutoka shimo hadi shimo?"

"Uyoga hauna mbegu, bosi."

Kalamu ikasimama. "Hauna nini?"

"Mbegu. Hauna jani, hauna ua. Uyoga si mmea. Ni tunda la kuvu, na kuvu yenyewe inalimwa na mchwa chini kwa chini. Mchwa akila mti mkavu, tumbo lake peke yake haliwezi kuumaliza. Kwa hiyo anautoa nusu umeiva, anaujenga kama sega la nyuki, na kuvu nyeupe inaota humo, inamalizia kupika. Wote wanakula hapo. Sasa, sega hilo likizeeka, mchwa..."

"Kwi, kwi, kwi." Nguruwe alicheka mpaka gogo likayumba. "Mheshimiwa, umesikia? Mchwa wana shamba."

"Na majembe wanayo?" Nyati akauliza bila kufungua macho.

"Watakuwa na trekta, Mheshimiwa. Haya, neksti."

Watoto, sentensi ilibaki moja. Moja tu. Wangemwacha aimalize, wangekula uyoga mpaka wakalamba kwato zao, na mimi nisingekuwa na hadithi ya kuwapa. Lakini mtu aliyekwisha kucheka hasikii tena, na Sange akaondoka na nusu ya sentensi yake mdomoni.

Wiki iliyofuata majina yakabandikwa mtini. Kazi ya mtaalamu amepata Nguruwe, ambaye alijihoji mwenyewe akajiona anafaa. Chini yake, kwa herufi ndogo: *Anahitajika mfagizi. Asiwe na maswali.*

Sange aliisoma mara mbili. Akaimeza ile nusu ya sentensi, akaomba kazi ya ufagio. Huko hawakumwuliza hata jina.

Asubuhi ya kwanza alipovuka uzio wa miiba, alisimama. Kichuguu kilikuwa pale pale, kirefu, chekundu, kimeinama kidogo upande wa mashariki kama kinasikiliza. Mlango wa nyumba yao ulikuwa umegeuzwa stoo ya ndoo za Nguruwe. Sange akaweka kiganja kwenye udongo. Ulikuwa na joto, kama ubavu wa mtu aliyelala. Ndani kabisa alisikia krr, krr, krr. Mchwa walikuwa kazini. Alikaa hivyo mpaka mlinzi akamwuliza kama amelipwa kukumbatia.

"Nafagia, kaka," akasema, na akaanza kufagia.

Huku nyuma mtaalamu naye alichapa kazi. Nguruwe alichora mistari. Alichomeka vijiti na vibao. Alimwaga samadi. Alimwagilia asubuhi na jioni, pwaa, pwaa, na kila Ijumaa alimpelekea mkwewe ripoti kwamba mbegu zinaendelea vizuri chini ya udongo. Mbegu gani? Hata mimi sijui. Nadhani alizika mahindi.

Masika yakaingia. Mvua ya siku tatu, halafu jua, halafu mvua tena. Na siku moja asubuhi Sange akazikuta: chenga ndogo za kahawia, nyepesi kama makombo ya mkate, zimetapakaa kichuguu kizima kati ya vijiti na vibao. Mchwa wametoa sega lao la zamani nje.

Hii ndiyo iliyokuwa ile nusu ya sentensi, watoto. Sega likizeeka, na mvua ikanyesha, mchwa wanalibomoa, wanalitoa juu chenga kwa chenga. Na kuvu ambayo bado imo ndani ya chenga hizo, ikipata unyevu na kivuli, ndiyo inayotoa uyoga.

Moyo wa Sange ulienda pu, pu, pu. Uso akaufanya wa mtu anayeumwa jino.

Nguruwe akafika. "We Sange. Hii takataka gani kwenye shamba langu?"

"Ni mchwa, bosi. Wanatupa uchafu wao. Tuuache tu, mvua itaulainisha."

"Tuuache? Wiki mbili zijazo Mheshimiwa anakuja hapa na wageni wenye pembe, waje wakanyage uchafu wa wadudu?"

"Basi niusogeze pale pembeni."

"Uoze, uniunguzie mbegu? Peleka mbali."

"Mbali ninakokujua ni kwetu, bosi. Na kule nina mama mgonjwa. Nitamrundikiaje uchafu mlangoni?"

Nguruwe akatabasamu. Kuna wakubwa ambao amri haiwakolei mpaka iwe imemuumiza mtu.

"Huko huko mlangoni kwa mama yako," akasema. "Zote. Nikikuta chenga moja hapa, kazi huna."

Sange akainamisha pua. "Naomba basi uniandikie, bosi. Walinzi wa lango wataniuliza nimebeba nini."

"Mfagizi naye anataka karatasi."

"Nimejifunza kwenu, bosi."

Nguruwe alipenda kuandika kuliko kufikiri. Akachukua jani la mgomba, akakwaruza: *Mfagizi aondoe taka zote za mchwa na zisirudi.* Akaligonga muhuri kwa kwato yenye tope, paa.

Sange alibeba siku nne. Pakacha dogo kichwani, anashuka bonde, anapanda bonde. Walinzi walichungulia mara ya kwanza, wakaziba pua kwa dharau, hawakuchungulia tena.

Safari ya kwanza alipoingia ndani, Bi Sikudhani alikuwa amelala ameelekea ukuta. Hakugeuka. Pua yake tu ndiyo iliyogeuka, taratibu, kama mtu anayeitwa kutoka mbali.

"Umekuja na nani?" akauliza.

"Niko peke yangu, mama."

"Usinidanganye. Kuna mtu wa kwetu humu ndani."

Sange akaweka chenga moja kwenye kiganja cha mama yake. Bi Sikudhani akainusa. Aliifunga kwenye ngumi, akaiweka kifuani, na Sange akatoka nje kwa sababu kuna vitu mtoto hapaswi kuvitazama usoni mwa mama yake.

Wakazitandaza zote mbele ya mlango, kwenye kijiudongo kilichokuwepo kati ya mawe, chini ya kivuli cha mwamba. Bi Sikudhani alielekeza akiwa amekaa kizingitini.

"Sasa zifunike kwa majani."

"Majani, mama?"

"Majani makavu. Zisikaukiwe."

"Hapa mlangoni? Njiani?"

"Hapo hapo."

Mjue kwamba hili lilikuwa gumu kuliko kumdanganya Nguruwe. Siku nzima Sange anapita kando ya majani, mkono unamwasha, fyaa inataka kumtoka. Alilala ameufunga mkono wake kwa kamba ya kitanda. Majirani walipita wakasema, "Binti Sikudhani naye, ufagio wa watu umemfanya asahau wa kwao."

Siku ya kumi hakuna kitu. Siku ya kumi na moja hakuna. Bi Sikudhani alikuwa amebaki pua na mifupa, lakini kila alfajiri aliomba abebwe mpaka kizingitini.

"Mama, na kama zimekufa njiani?"

"Kuvu haina haraka, mwanangu. Haraka ni yako."

Siku ya kumi na tatu mvua ilinyesha asubuhi yote, ikakatika ghafla. Na siku ya kumi na nne, kabla hata Sange hajafungua mlango, mama yake aliita kutoka kitandani kwa sauti ambayo Sange hakuisikia miaka mitatu.

"Fungua. Wamefika."

Majani yalikuwa yameinuliwa. Chini yake, juu yake, kati ya jiwe na jiwe, kweupe. Vichwa vidogo mamia kwa mamia, vinang'aa kwa umande.

Sasa, bahati mbaya, siku hiyo hiyo ndiyo ya wageni. Kule kichuguuni Nyati alikuwa amefika na wakubwa wenzake, sahani tayari, na mtaalamu akawaonyesha vijiti na vibao. Vijiti vilikuwa vizuri sana.

"Uyoga uko wapi?" Nyati akauliza.

"Uko kwenye hatua ya ndani, Mheshimiwa."

Nyati alikuwa anataka kumwuliza hatua ya ndani ni nini, upepo ukageuka. Ukapita Mawe Matupu, ukavuka bonde, ukamfikia puani. Nyati akafumba macho. Bakuli lile la msibani likamrudia lote, karanga na kila kitu. Akaacha wageni wamesimama na sahani zao, akashuka bonde kwa kishindo, gudu, gudu, gudu, Nguruwe nyuma yake anahema.

Sange aliwasikia. Mama yake alikuwa kizingitini, chungu bado hakijatiwa moto.

"Wanakuja kuuchukua," Bi Sikudhani akasema. Hakulia. Alishika tu ncha ya mkeka.

"Kaa hapo hapo, mama."

Nyati akasimama mbele ya mlango, pua imemwaga maji. "Harufu hii naijua."

Nguruwe alipouona ule weupe, mate yakamtiririka, drrr, mpaka kifuani. Halafu akaona kile kilichokuwa chini ya uyoga: chenga za kahawia. Akazitambua.

"Karibu, Mheshimiwa," Sange akasema. Alikuwa na jani la mgomba mkononi, amelikunja, ila upande mmoja umefunguka kidogo. Kutoka aliposimama Nyati hukuona kitu. Kutoka aliposimama Nguruwe ulionekana muhuri wa kwato. "Mimi ni mfagizi tu, majina ya vitu siyajui. Lakini mtaalamu si huyu hapa? Atuambie. Kama huu ni uyoga wa kichuguu, basi tukae tuzungumze umetokaje kule, nani aliruhusu, kwa maandishi gani. Mimi kila kitu ninacho. Na kama si wenyewe, basi si wenyewe."

"Sema," Nyati akamwambia mkwewe. "Ni wenyewe?"

Nguruwe akatazama uyoga. Akatazama jani. Akatazama pembe za mkwewe. Akameza mate, gulp, na mengine yakaja.

"Si wenyewe, Mheshimiwa."

"Mbona unanukia vile vile?"

"Ndiyo hila yake. Wenye sumu ndio unaonukia zaidi. Uyoga wa kweli ni mmoja, mkubwa kama mwavuli, na una mbegu. Huu, Mheshimiwa, ukigusa ulimi tu, unazikwa jioni." Machozi yalikuwa yanamtoka kweli kweli, na si ya huruma.

Nyati akarudi nyuma hatua mbili. "Na hawa wanataka kuula?"

"Sisi ni watu wa Mawe Matupu, Mheshimiwa," Sange akasema. "Tunakula kilichopo."

Nyati akafikiri kidogo. "Basi wakifa wazikwe huku huku," akasema, akageuka. Nguruwe alimfuata kinyumenyume, pua yake ikibaki nyuma kuaga. Alianguka mara tatu kabla hajafika bondeni.

Sange akawasha moto. Akachuma, akaosha, akaupika kwa karanga. Alipoleta bakuli, Bi Sikudhani hakuongea, na Sange hakumsemesha. Kijiko cha kwanza. Cha pili. Uso wa mzee ulikuwa umeinuliwa kuelekea ng'ambo ya bonde, na ungesema macho yale yaliyofumba yanaona mlango, na njia iliyofagiwa, na waliokuwa wakipita humo.

Alipomaliza Sange akainuka. "Nakuchumia mwingine, kabla haujalegea."

"Acha."

"Mama, umeungoja miaka mitatu."

"Nimeungoja, na nimeshiba kidogo, na bado naungoja. Njaa hii si ya tumbo, nilikuwa sijajua." Akapapasa chini kando ya kizingiti. "Weka sikio hapa."

Sange akainama. Mwanzoni hakusikia kitu. Halafu, kwa mbali, kama mtu anakuna kitambaa: krr.

"Mvua za vuli walianguka kumbikumbi wawili hapa," mama yake akasema. "Mume na mke. Wakakata mabawa, wakajichimbia. Sasa wana watoto. Watoto wa mchwa wakitoka nje mara ya kwanza, wanatafuta vumbi linalomwagika chini ya vichwa vya uyoga. Wanalipeleka chini, wanalipanda kwenye sega lao jipya. Wasipolipata, nyumba nzima inakufa na njaa. Sasa wewe ukichuma wote, hawa watakula nini?"

"Kichuguu kikubwa kama kile kitachukua miaka mingapi, mama?"

"Mingi. Mimi sitakiona."

"Hukuwa unaona hata kile."

Bi Sikudhani akacheka, mara ya kwanza Mawe Matupu. "Nenda zako. Niletee panzi, si nilikuahidi? Nitakula."

Basi wakauacha uliobaki. Kesho yake vichwa vilifunguka kama miavuli, na chini yake vumbi laini la rangi ya waridi iliyopauka likamwagika juu ya majani ambayo Sange hakuyafagia. Jioni wakatoka mchwa wadogo weupe, hawajui njia, wanapapasa. Mmoja baada ya mwingine wakachukua vumbi lile, wakarudi nalo chini ya kizingiti. Bi Sikudhani alikaa hapo akiwahesabu kwa masikio, na Sange akamfunika mabega kwa sababu umande ulikuwa umeanza.

Na funzo ni hili, watoto: ukimdharau anayekufagilia, angalau chungulia kwenye pakacha lake.